Samaki wa Kuvumbika na Mkwe wa Lupepo

Jumatatu, 8 Februari 1993

Daftari hili lilikuwa la Jiografia. Lina kurasa nyingi tupu, na mimi nina maneno mengi ambayo sikuyasema darasani, kwa hiyo tutasaidiana. Naitwa Ikupa. Nina miaka kumi na minane na nilimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita. Tunakaa Kyimo, katikati ya chai ya baba na migomba ya mama. Shuleni kila mwalimu alikuwa akiniambia, "Sauti, Ikupa!" hata pale nilipojibu sawasawa.

Leo nimeanza kazi kwa Bi Biubwa, mama wa Kiislamu mwenye kibanda cha chakula nyuma ya soko la Tukuyu. Babu yake alikuja huku kutoka Bagamoyo na biashara ya vitambaa, lakini yeye amezaliwa hapahapa na matusi ya Kinyakyusa anayajua kunishinda. Mama ndiye aliyeniombea. Baba amekubali, "mpaka hapo tutakapoona." Hakusema tutaona nini.

Nimemenya viazi. Nimeosha masufuria. Mvua tangu asubuhi.

Jumanne, 9 Februari

Mvua. Viazi.

Ijumaa, 12 Februari

Samaki wa Kyela wamefika. Bi Biubwa anasema zamani ungeweza kungoja wiki nzima. Siku hizi ni ruksa, mwenye pikapu anashuka ziwani na kupanda na mbasa bado wanang'aa. Shida ni kwamba ruksa ni ya wote. Nyuma ya soko kila kibanda kinakaanga samaki, na moshi wa mafuta ni uleule mmoja. Mteja anakaa penye benchi kavu.

"Sisi tuna nini ambacho wenzetu hawana?" Bi Biubwa aliuliza, nadhani alikuwa anamuuliza Mungu.

Nikasema bibi yangu wa Ikuti alikuwa akivumbika samaki kwenye majivu, ndani ya majani ya mgomba, pamoja na mboga.

"Sema tena, mwanangu. Sauti yako imeingia kwenye mkaa."

Nikasema tena. Akasema, "Samaki hasemi, na wewe husemi. Sijui nani atauza. Lakini Jumanne jaribu."

Jumanne, 16 Februari

Nimeshindwa. Nilikata majani alfajiri nikaja nayo kichwani. Nilipoyakunja yakapasuka kila mahali, maji ya samaki yakamwagikia mkaa, moshi ukajaa na wateja wakatoka nje na sahani zao kwenye mvua. Bi Biubwa akasema, "Nilidhani tunapika samaki, kumbe tunafukuza watu."

Nililia njiani. Kwa mvua hii hakuna anayeweza kujua.

Jumatano, 17 Februari

Nimemwuliza mama. Alikuwa anapalilia, hakuinua kichwa, lakini alinieleza kama mtu aliyekuwa anangoja miaka yote aulizwe. Jani hupitishwa kwanza juu ya moto mpaka lilegee na kung'aa kama limepakwa mafuta. Uti wake wa kati unachongwa, hauondolewi. Majani mawili, moja kwa urefu, moja kwa upana. Chumvi inawekwa kwenye mboga, si kwa samaki, kwa sababu mboga ndiyo inayotoa maji. Mnafu ukiwepo ndio bora, uchungu wake unakata shombo. Usipokuwepo, majani ya maboga. Funga kwa ukamba wa mgomba uliolowekwa, lisibaki tundu la kupitisha hata sindano. Sogeza makaa, laza furushi kwenye majivu ya moto, lifunike.

"Na usifungue kuchungulia," alisema. "Ukichungulia umemuua mara ya pili."

Sikujua kwamba mama ana maneno ya namna hiyo.

Ijumaa, 19 Februari

Imewezekana! Jani la nje lilikuwa limeungua jeusi, la ndani bado kijani. Nilipokata ukamba mvuke ulipanda na watu wa vibanda vyote viwili vya jirani wakageuka. Mnafu ulikuwa umelala chini ya samaki, umekunywa mafuta yake. Bi Biubwa alikula mmoja mzima, kisha akalamba jani.

"Huyu bibi yako yu hai?"

"Amefariki."

"Mungu amrehemu. Ametuachia kibanda."

Jumatano, 24 Februari

Ramadhani imeanza jana, na leo Wakatoliki wamepaka majivu. Wote wanataka samaki, mmoja wa kufuturu, mwingine wa Kwaresma. Mafurushi yanakwenda nyumbani yakiwa yamefungwa, na yanafika ya moto.

Bi Biubwa amefunga, hawezi kuonja. Mimi naweza kuonja lakini nikifungua nimeharibu. Kwa hiyo chumvi lazima iamuliwe kabla, na ikishafungwa imefungwa. Nilidhani nitaogopa jambo hilo. Ninalipenda. Ni mara ya kwanza ninaamua kitu na hakuna anayeweza kukirekebisha.

Ijumaa, 5 Machi

Kuna mzee wa Lupepo, Mzee Amoni, mwenye chai nyingi na koti refu jeusi. Amekula mafurushi mawili amesimama, kwa sababu benchi limejaa. "Nsuri sana," alisema, kwa Kiswahili chake cha milimani. "Ndaga fijo, asante sana. Mwe, huyu mtoto ni wa nani?"

Bi Biubwa akajibu kwa niaba yangu: "Wa Andrea, wa Kyimo."

"Hasemi?"

"Anapika."

Mzee alicheka mpaka koti likatikisika. Nimempenda. Ana macho ya mtu anayekula kwa furaha.

Ijumaa, 12 Machi

Mzee Amoni tena. Ameleta mnafu wa shambani kwake, kikapu kizima, zawadi.

Jumapili, 14 Machi

Nitaandika polepole ili niandike vizuri.

Tulipotoka kanisani tulikuta wazee wawili wa Lupepo sebuleni na mtamba mweusi amefungwa nyuma ya nyumba. Walikuwa wametumwa na Mzee Amoni. Anamwombea mwanawe Ackson, anayeuza mitumba Uyole, awe na mke. Mke ni mimi. Baba aliwapokea, akawapa viti, na walipoondoka mtamba alibaki.

Nilimwona Ackson mara moja, kwenye harusi. Alikuwa na shati la manjano. Sina kingine cha kuandika juu yake.

Baba alinifurahia kweli. "Mzee amesema hajawahi kula chakula kama chako. Umejiozesha mwenyewe, mwanangu, kwa mikono yako."

Halafu akanieleza, kana kwamba sijui, kwamba sasa lazima nimtile Mzee Amoni. Kwetu msichana akishaposwa hamtazami tena baba wa mwanamume. Hataji jina lake. Wakikutana njiani anaingia shambani mpaka mzee apite, na mzee naye anageuka pembeni. Kutila ni kuogopa na ni kuheshimu. Neno ni hilohilo moja. Na kwa kuwa Mzee Amoni yuko sokoni kila siku ya samaki, baba anaona afadhali niache kazi mapema, tusije tukaaibika.

Amependa samaki wangu, kwa hiyo samaki wamekwisha. Nimeliangalia jambo hili kila upande na bado ni la kijinga.

Nchi nzima imepewa ruksa. Mimi bado.

Jumanne, 16 Machi

Baba aliniruhusu nikamuage Bi Biubwa. Nilikuwa nimeshaamua kwamba sitaaga. Nilikuwa nafunga furushi la tano au la sita nilipomsikia mwanamke wa ndizi akipiga kelele, "Gwe Ikupa! Mkwe wako huyo! Tila!"

Nilikimbia. Sikufikiri. Niliacha kisu, nikaruka mafiga, nikaenda kujikunyata nyuma ya magunia ya viazi nimejifunika kanga mpaka kichwani. Nilisikia buti za mpira zikipita kwenye tope. Kisha wanawake wakapiga vigelegele. "Mke huyo! Mke mwenye adabu!"

Nilipotoka mafurushi yalikuwa yameungua yote.

Bi Biubwa alikuwa anakwangua majivu. Baadaye akasema, "Sasa umeshajibu."

Ni kweli. Hakuna aliyeniuliza, na miguu yangu imejibu ndiyo mbele ya soko zima.

Alhamisi, 18 Machi

Nimemwuliza mama kama alimtila babu mzaa baba. Akasema mpaka siku alipozikwa. Kulikuwa na njia moja tu ya kwenda kisimani na ilipita mbele ya nyumba ya babu, kwa hiyo mama alizunguka kwa nyuma, kwenye matope, na ndoo kichwani, hata alipokuwa na mimba yangu.

"Alikuwa mtu mbaya?"

"Sijui. Nilikuwa namsikia akiimba kwa watoto. Aliimba vizuri."

Nilidhani ataniambia kwamba ni mila na nitazoea. Akasema, "Niliuona uso wake kwenye jeneza. Nikasema, kumbe anafanana na Ikupa."

Siku zote nimemwona mama kama mtu asiye na la kusema. Leo naona ni mtu aliyezunguka kwa nyuma.

Jumapili, 21 Machi

Ackson amekuja, na shati lilelile la manjano. Tulikaa barazani, mama yuko mlangoni anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Ackson ni mpole. Anauza suruali za Ulaya na anazungumza habari zake kama za ndugu zake.

Nikamwuliza kama alitaka kunioa.

"Mimi? Mimi nilisikia kwa baba." Akachezea kifungo. "Sikuchukii, dada Ikupa. Lakini Uyole nina mtu."

"Basi mwambie baba yako."

"Humjui baba yangu."

"Namjua. Anakula amesimama."

"Nikikataa mimi, kile kiwanja cha Uyole alichoniahidi kinakwenda kwa mdogo wangu. Kataa wewe." Akaniangalia kwa matumaini, kama mtu anayemwomba mwenzake apande mti wenye nyuki. "Wewe huna cha kupoteza."

Nikamwambia aende. Nilisema kwa nguvu kidogo, mama akaangusha ungo.

Jumatatu, 22 Machi

Nimemwambia baba sitaki.

"Umesema nini?"

"Sitaki."

"Sikusikii."

Nadhani alinisikia mara ya kwanza. Mara ya tatu nilikuwa tayari nalia na neno likatoka limevunjika, akalitumia hilo: ona, hata mwenyewe hana hakika. Akasema sitashuka tena Tukuyu mpaka harusi. Akasema nilimkimbia mkwe mbele ya watu, na mtu hakimbii asiyekuwa mkwe wake.

Hapo ndipo anaponishika, na anajua.

Jumatano, 24 Machi

Nimesikia kwa mbali Idd ya Tukuyu. Sijui Bi Biubwa amepika nini.

Ijumaa, 26 Machi

Mvua.

Jumatatu, 29 Machi

Mvua. Ukuta wa jiko umetota. Mtamba analala pakavu kuliko kuku.

Alhamisi, 1 Aprili

Nimevumbika hapa nyumbani samaki aliyeletwa na jirani. Baba alikula, akasema, "Una mkono wa bibi yako," na akatoka. Nilitamani kumchukia, lakini alisema vile kwa huzuni.

Si mtu mbaya. Ndiyo maana kumkataa ni kazi. Mtu mbaya angenirahisishia.

Jumapili, 4 Aprili

Matawi. Kanisani wanawake wameanza kuniita "mke wa Lupepo". Niliimba alto na kuwaza: kama miguu ndiyo iliyosema ndiyo, basi miguu hiyohiyo ndiyo itakayosema hapana. Maneno peke yake baba hayasikii.

Jumatano, 7 Aprili

Kesho magari ya samaki yanakuja kwa ajili ya Ijumaa Kuu. Mzee Amoni hawezi kukosa. Nami sitakosa.

Alhamisi, 8 Aprili

Niliingia migombani kungali na ukungu. Nilikuwa nimekata majani machache niliposikia panga lingine upande wa pili. Alikuwa mama. Hatukusalimiana. Alikata, akakunja, akafunga mzigo, akanitwika.

"Twende wote, mama."

"Hapana. Mimi nabaki nimwambie baba yako ulikokwenda. Na mimi nina yangu ya kumwambia, ya tangu kisimani."

Bi Biubwa aliponiona alitazama mbingu, akatazama majani, akasema, "Haya. Mnafu uko kwenye beseni." Nikapitisha jani juu ya moto. Mikono ilikuwa inajua kazi hata nilipokuwa siijui hali yangu. Soko lilijaa. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyokufukuza lakini inakulowesha.

Kisha mwanamke wa ndizi: "Gwe Ikupa! Mkwe! Tila, mwana, tila!"

Mzee Amoni alikuwa anakuja kwa katikati ya vibanda, koti jeusi, mwavuli mkononi. Alinitambua wakati mmoja na mimi. Akafanya yanayompasa: aligeuka akaukabili ukuta wa bucha, akashusha mwavuli mpaka mabegani, akasubiri. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Mwanamume anageuka, mwanamke anaondoka, kisha mwanamume anapita. Soko zima likawa linanisubiri mimi.

Miguu yangu ilianza. Kweli ilianza, niliiona inavyojikusanya. Nikakaa kwenye kigoda na kuikunja chini yangu, ili isipate nafasi.

Bi Biubwa aliniinamia. "Mwanangu, ukikimbia sikulaumu. Ukibaki sikuachi."

"Nabaki."

"Bado yupo?" Mzee Amoni aliuuliza ukuta.

"Yupo," wakamjibu watu.

"Mwondoeni basi, nalowa."

Nikavuta pumzi. "Shikamoo, Mzee Amoni."

Wanawake walipiga yowe kama nimemwaga mafuta ya moto. Kumtaja jina! Mmoja akaziba masikio ya mtoto wake.

Mwavuli ulitikisika. "Nani ametaja jina langu?"

"Mimi. Ikupa wa Andrea, wa Kyimo."

"Wewe ni mke wa mwanangu. Huniiti jina."

"Mimi ni muuza samaki, na wewe ni mteja wangu. Mengine mliongea na baba. Mimi hamkuniuliza."

"Ungeulizwa ungesema nini? Wewe ambaye hata ukiitwa hujibu!"

Watu wakacheka. Alikuwa na haki, na uso uliniwaka. Lakini nilishagundua kwamba naweza kuwaka uso na bado nikaendelea kukaa.

"Ningesema hapana."

"Ulikimbia hapahapa, wote waliona."

"Nilikimbia kwa sababu nilifundishwa kukimbia. Leo wananiona nimekaa. Geuka, mzee, unitazame. Ukishanitazama mimi si mkwe tena."

Mvua kwenye mwavuli wake, na mafuta ya vibanda vingine yakichachatika. Angeweza kuondoka kwa kufuata ukuta mpaka barabarani, na posa ingebaki kama ilivyo. Nilijua hivyo na yeye alijua. Mchukuzi mmoja mwenye gunia la viazi mgongoni akapaza sauti, "Wazee, amueni! Huu mzigo si wa pamba!"

Mzee Amoni aligeuka.

Nilitarajia hasira, na ilikuwepo. Lakini pia alikuwa mzee mwenye maji kwenye masharubu, aliyesikitika kama mtu aliyenyang'anywa sahani katikati ya mlo. Nilitaka kutazama chini. Sikutazama chini. Tulitazamana mbele ya wauza ndizi, wauza viazi, mchinjaji na kila aliyekuwa amekuja kutafuta samaki wa Ijumaa Kuu.

"Haya," alisema. "Nimekuona." Akawageukia watu. "Mmeona kwamba nimemwona?"

"Tumeona," wakasema, chinichini.

"Mwambie Andrea nitatuma watu wamchukue mtamba wangu." Kisha, kwa sauti ya kuuma: "Ningekufanya mtu nyumbani kwangu."

"Mimi ni mtu, mzee."

Akaondoka bila samaki. Buti zake zilipiga tope mpaka sikuzisikia tena.

Mwanamke wa ndizi alitema mate upande wangu. Mwingine, simjui, mwenye kitenge cha bluu, alikuja mpaka kwenye kigoda changu akasema, "Nipe wawili." Bi Biubwa akanigusa bega. "Haya, binti, samaki wanaungua. Au na wao wanangoja wageuzwe kwa maneno?"

Nikashika koleo.

Ijumaa, 9 Aprili. Ijumaa Kuu

Wazee wawili walirudi asubuhi kumchukua mtamba. Hawakukubali viti. Mtamba hakutaka kwenda, amezoea kwetu, ikabidi avutwe. Majirani walisimama vizingitini wakiangalia. Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa kila upande. Mama alikaa wima kama mzee wa kanisa. Sijui walisemezana nini jana, yeye na baba, lakini macho ya mama yamevimba na kichwa chake hakijainama.

Mchana baba aliniita barazani. Alikuwa ameshika kamba iliyobaki pale alipofungwa mtamba.

"Umeniaibisha, Ikupa."

"Ndiyo, baba."

"Lupepo hakuna nyumba itakayonipa kiti tena."

"Najua, baba."

"Na hapa Kyimo hakuna atakayekuja kukuposa. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

Akaizungusha kamba mkononi. "Utaniomba radhi?"

Nilijibu kwa sauti ambayo mama aliisikia jikoni, aliniambia baadaye.

"Kwa aibu uliyoipata, ndiyo, baba, naomba radhi. Kwa kukataa, hapana."

Hakusema niende Tukuyu, hakusema nisiende. Kesho magari yanakuja tena kwa ajili ya Pasaka. Nikachukua panga, nikapita mbele yake, nikaingia migombani kukata majani.